Mabakuli ya Mjomba

Mwaka ule, Masasi, ungeweza kuliweka jiwe kando ya barabara ukalipigia debe, na lingepata mnunuzi. Kila kitu kilikuwa ruksa. Korosho zilinunuliwa na watu ambao hakuna aliyejua wametokea wapi, mitumba ilimwagwa chini sokoni kama mihogo, na maduka yaliyozoea kuuza viberiti na nyembe tu yalijaa redio, birika za kupiga mluzi na saa za ukutani zenye picha za maporomoko ya maji. Fortunatus alikuwa mmoja wa watu walioujua wakati huo na kuufaidi. Alikuwa akitoka Newala kwenda Dar es Salaam mikono mitupu, akirudi na maboksi.

Jumapili moja baada ya misa aliteremka kwenye pikapu mbele ya nyumba ya dada yake, Severina, mtaa wa nyuma ya soko. Alibeba sanduku la mbao lililojaa majani makavu. Ndani ya majani mlikuwa na mabakuli sita ya udongo, meupe, yamechorwa maua ya bluu, mazuri hata unaogopa kuyashika.

"Haya ni ya Mzee Nikolao," alisema. "Nimemuuzia maikrowevu ya pale gesti, na ahadi yangu ilikuwa mashine pamoja na vyombo vyake. Kwa kuwa mpwa wangu ndiye atakayevitumia, nimeona nivipitishe hapa kwanza."

Mpwa mwenyewe, Magdalena, alitoka ndani akijifuta mikono. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpishi wangu."

"Bado msaidizi, mjomba."

"Msaidizi leo. Nikolao kaniambia mwenyewe, mvua zikikatika anakupa jiko lote."

Ilikuwa kweli. Magdalena alikuwa na miaka kumi na tisa, na jiko la gesti ya Nikolao ndilo lilikuwa ndoto yake yote, aprini nyeupe, mshahara usiongoja msimu wa korosho, na jina la kuitwa mpishi. Mama yake alikuwa akilitaja jambo hilo sokoni, penye fungu lake la ming'oko, vile viazi vya porini, kwa kila mteja aliyekuwa na dakika moja ya kusikiliza.

"Sasa sikiliza," Fortunatus alimwambia. "Hii mashine haina moto. Inapasha chakula, chombo chenyewe hakijui kitu. Unafungua mlango, unashika bakuli mkono mtupu, unampelekea mgeni. Ukishika na kitambaa watajua umetoka shamba jana. Na uangalie usilivunje, maana bei ya bakuli moja la hivi inaupita mshahara wako wa mwezi mmoja."

Severina alikuwa na tabia moja, akifurahi lazima atege. "Kitendawili."

"Tega," waliitikia wote wawili.

"Nyumba yangu haina kuni wala mafiga, lakini ukifunga mlango mgeni anakula cha moto."

"Mama, hicho umekitunga sasa hivi."

"Kutunga nimetunga. Jibu, au nipe mji."

"Maikrowevu," Magdalena alisema, na akaingia ndani kuteleka chai, anacheka.

Severina alibaki na bakuli mkononi. Alikuwa binti wa mfinyanzi, na vidole vyake havikuweza kushika kitu cha udongo bila kukiuliza maswali. Aliligeuza. Juu lilikuwa linang'aa kama jicho la samaki, lakini chini, pale kwenye kikalio, udongo ulikuwa mtupu, unakwaruza. Akafanya alivyokuwa akifanya mama yao, akakigusa kikalio kwa ncha ya ulimi. Ulimi uliganda.

"Fortunatus, udongo huu una kiu."

"Kiu gani tena?"

"Unanyonya. Haukuiva. Mama angelilipiga teke hili kabla halijafika sokoni. Au niyaloweke kwanza kwenye uji wa pumba, yashibe, kama vyungu?"

Fortunatus aliyatazama mabakuli, akamtazama dada yake. Kisha akacheka. "Fanya, dada. Udongo ni udongo."

Basi Severina akakoroga uji mwepesi wa pumba kwenye beseni, akayaloweka mabakuli siku mbili, akayaosha, akayaanika nusu siku. Jumatano Magdalena akayapeleka gesti, amejitwika sanduku kichwani, anatembea kama amebeba mayai.

Alhamisi mchana, saa saba na nusu, Yeremia, mhudumu wa gesti, alifika sokoni akihema. Hakusalimu.

"Mama Magdalena, acha hiyo ming'oko. Twende."

Yaliyotokea Severina aliyapata vipande vipande, njiani, kwenye gari la korosho lililowapeleka Ndanda hospitalini. Walikuja wageni wanne, wanunuzi. Magdalena alitia mbaazi kwenye bakuli la maua, akafunga mlango wa mashine, akageuza kitasa kama alivyofundishwa. Mlio ulipolia akafungua, akalishika bakuli kwa mkono mtupu. Mbaazi zilikuwa vuguvugu tu. Lakini bakuli lilikuwa la moto kuliko chungu kilichotoka kwenye makaa.

"Kwa nini hukuliachia, mwanangu?" Severina aliuliza.

Magdalena alikuwa ameuinua mkono wa kulia hewani, umefungwa kanga iliyolowa. "Mjomba alisema nisilivunje."

Alilishika mpaka mezani. Hatua kumi na moja, Yeremia alizihesabu baadaye. Bakuli lilipasuka lenyewe mbele ya mgeni, likiwa bado kiganjani, na kigae kimoja kikaingia chini ya kidole gumba.

Ndanda walimpokea vizuri. Muuguzi alimwambia Severina bila kumficha kwamba ngozi itarudi, ila vidole viwili vinaweza kubaki vimekunjika, na kwamba itabidi waje kubadilisha bendeji kila Ijumaa.

Petro, mume wa Severina, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliutazama mkono wa binti yake, akaugeukia ukuta. Kisha akasema lile ambalo kila baba wa kwao angelisema, kwamba mambo ya mtoto yana mjomba wake, aitwe mjomba. Akachukua jembe akaenda kwenye mikorosho.

Mjomba alikuja Jumapili iliyofuata, amevaa shati la mikono mirefu. Kikao kilikaa uani kwa Mzee Nikolao, kwenye viti vya wageni. Severina alipewa kigoda.

"Mimi sina ugomvi na mtu," Nikolao alianza. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye upole wake ulikuwa unamwogopesha mtu kuliko makelele. "Lakini mgeni wangu ametoa kigae kwenye mbaazi. Wote wanne wamehama. Nataka nijue, hili ni kosa la mashine, kosa la bakuli, au kosa la binti?"

Fortunatus alisimama. Yeye ndiye mjomba, yeye ndiye wa kusema kwa niaba ya nyumba, na neno lake likishatoka halina wa kulipinga.

"Mzee, nimeuza mashine sita na vyombo vyake. Masasi mbili, Newala tatu, Ndanda moja. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nikajiuliza, kwa nini hapa tu?" Alimgeukia dada yake, na uso wake ulikuwa na huruma. "Dada, waambie ulivyoyafanya yale mabakuli."

"Niliyaloweka."

"Kwenye nini?"

Severina aliangalia vidole vyake. "Uji wa pumba."

Nyuma ya mlango wa jiko mtu alicheka, akajikohoza. Nikolao naye aliuma mdomo.

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Kama chungu."

"Kama chungu. Lakini, Fortunatus, nilikuuliza. Nilikwambia udongo una kiu, ukasema nifanye. Ulisema udongo ni udongo."

"Mimi?" Aliwatazama wote, mmoja mmoja. "Mimi niliyeziona mashine hizi Kariakoo, nikwambie uliloweke bakuli la kizungu kwenye pumba za kuku? Dada, tusifike huko. Magdalena, mpwa wangu, ulinisikia nikisema hivyo?"

Magdalena alikuwa ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga. "Sikusikia, mjomba. Nilikuwa ndani nateleka chai."

"Basi." Fortunatus alishusha pumzi. "Mzee Nikolao, mama zetu walitulea na vyungu, ndiyo ujuzi wao, tusiwacheke. Mimi kama mjomba nalikubali kosa la nyumba yetu. Hayo mabakuli matano yaliyobaki yatupwe, yamekwisha haribiwa na maji. Nitakuletea mengine. Binti akae nyumbani, mpaka hapo utakapoona mwenyewe."

Ilikuwa hukumu ya mtu mwungwana. Nikolao alimpa mkono. Yeremia akatumwa kuyatupa mabakuli, na kila mtu akasikia yakivunjika moja moja kwenye shimo la taka. Severina naye alikuwa ameanza kujiuliza kama kweli alisikia alichokisikia, au ni masikio yake tu yaliyotaka ruhusa.

Wiki ile Masasi ilipata jina jipya la utani. Magdalena alipopita kwenda bombani, watoto walimwita Uji wa Pumba. Aliyepewa jiko la gesti alikuwa msichana kutoka Lukuledi, hajui hata kuunga mchuzi.

"Sikulaumu kwa kuloweka," Magdalena alimwambia mama yake siku moja, bila kumtazama. "Nakulaumu kwa kumsingizia mjomba mbele za watu. Kama ni kosa, si ungesema ni kosa tu?"

"Alisema, mwanangu."

"Mjomba ameahidi kunipeleka Mtwara. Wewe umenipa nini? Pumba."

Severina alichukua ndoo akatoka. Jioni, wakichambua mboga, yeye kwa mikono miwili na binti kwa mmoja, alijaribu njia aliyoizoea. "Kitendawili," alisema.

Magdalena aliendelea kuchambua majani ya kisamvu.

Petro ndiye aliyesema kuhusu kuku. Ukimtia mjomba wa mtoto aibu mbele za watu, unakwenda kwake na kuku, unaomba radhi. Hivyo ndivyo walivyokuta na hivyo ndivyo watakavyoacha. Severina akamfunga miguu tembe mmoja mwenye madoa, akachukua na ming'oko kidogo, akapanda lori la kwenda Newala. Katika safari yote ile, lori likipanda kwenye uwanda wa juu kwa kunguruma, alikuwa akiyapanga maneno ya kuombea radhi. Alikuwa ameamua kuyasema kwa moyo mmoja. Kosa ni langu, mdogo wangu. Mkono wa mwanangu nimeuunguza mimi.

Fortunatus hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kitangari kutazama korosho. Aliyempokea ni mkewe, Ziada, mama yake Cyril, mwanamke mchangamfu ambaye maneno yake hayakuwa na uzio.

"Wifi yangu, karibu, karibu. Na kuku tena? Sikukuu gani?"

"Wa radhi. Nimekuja kumwomba radhi mdogo wangu."

"Radhi ya nini?"

"Ya Magdalena. Ya mkono."

Ziada alibaki na kuku mikononi. "Mkono gani?"

Severina alimweleza, kwa kifupi, kama mtu anayesoma shitaka lake mwenyewe, alivyoloweka, binti alivyoungua, kikao kilivyokwisha. Ziada alikaa chini kwenye mkeka.

"Baba Cyril hajaniambia hata nusu ya neno. Alisema alikwenda Masasi kwa ajili ya mashine." Alitikisa kichwa. "Ngoja nikupashie chakula kwanza, una njaa ya safari. Hayo mengine tutayasema umekula."

Mashine yao ilikuwa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Severina, asiyeweza kukaa bure mtu mwingine akifanya kazi, aliona kwenye kona sanduku la mbao kama lile, majani makavu yakichungulia. Akatoa bakuli la maua ya bluu, akampelekea.

"Siyo hilo, wifi," Ziada alisema, akichukua bakuli la kioo rafuni. "Hayo ni ya kuuza. Kwenye mashine tunatia kioo tu."

"Kwa nini?"

"Kha, si mabovu hayo? Baba Cyril kayapata kwa bei ya kutupa. Mwenye duka alimwambia kabisa ni ya kupamba kabati, yasiguse mashine. Akamfundisha na namna ya kujaribu chombo. Unatia bakuli tupu, unaweka kikombe cha maji pembeni yake, unawasha. Chombo kizuri kitabaki baridi, maji yapate moto. Kibaya, kinakula moto chenyewe." Alikuwa akipakua kisamvu, anaeleza kwa mwiko. "Tukajaribu moja papa hapa. Maji hayakupata joto hata la kumnawisha mtoto uso, lakini bakuli, wifi, liliniunguza vidole hivi viwili. Kisha likapasuka lenyewe juu ya meza, tak. Na maji yenyewe ya kununua kwa ndoo."

Alicheka kidogo, akageuka. Kisha akauona uso wa Severina, na mwiko ukasimama hewani.

"Lini?" Severina aliuliza.

"Wifi, mimi sikujua kwamba..."

"Lini, Mama Cyril?"

"Siku ile alipoyaleta. Kabla hajaja kwenu."

Chakula kilipashwa, kikaliwa na nzi. Severina alikaa na bakuli mapajani mpaka Fortunatus aliporudi. Aliingia akipiga vumbi kwenye kofia, akamwona kuku, akatabasamu. Kisha akaliona bakuli. Akamtazama mkewe, na mkewe hakumpokea kofia.

"Dada, umefika. Ungetuma habari ningekuja mwenyewe. Yale mambo yamekwisha, mimi sina kinyongo."

"Ulijaribu moja hapa," Severina alisema. "Kwa kikombe cha maji."

Fortunatus alivuta kiti, akakaa. Hakukana, na hilo lilimuumiza dada yake kuliko kukana. Alikuwa ametegemea, moyoni, kwamba atakana.

"Nilikuwa na maboksi kumi na mawili ya yale mabakuli, dada. Kumi na mawili. Ningeyapeleka wapi? Mtu hanunui mashine bila chombo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nikaona, wewe ndiye unayejua udongo, mimi sijui. Labda ukiyaloweka kweli yatashiba, yapate nguvu. Nikamwachia Mungu."

"Na ulipouona mkono wa mtoto?"

Alizungusha kofia kwenye vidole. "Ningesema ukweli mbele ya Nikolao, zingerudi zote sita. Ningefungwa. Wewe watakusema wiki mbili, watasahau. Ni dada yangu, nikajua utanibebea hili. Ulinibeba mgongoni kwenda kisimani, hukunibeba?"

"Nilikubeba."

"Basi. Na Magdalena simtupi. Nimesema nampeleka Mtwara kusoma. Kama si upishi, basi cherehani."

"Kwa mkono upi?"

Fortunatus alikunja ukingo wa kofia.

"Twende Masasi ukamwambie Nikolao," Severina alisema. "Leo hii. Sitadai kitu kingine."

"Siwezi."

"Na hao wengine watano?"

"Hawajalalamika."

"Mwalimu Filemoni, yule wa mashine ya Ndanda, ana mtoto wa miaka minne," Ziada alisema kutoka mlangoni.

"Nyamaza wewe."

"Nimenyamaza. Lakini anaye."

Severina alisimama. Alichukua bakuli jingine kutoka kwenye sanduku, likiwa bado limezungukwa na majani yake, akalifunga kwenye kitenge. Kuku alikuwa amejilaza pembeni ya mlango, miguu imefungwa, jicho limetulia.

"Huyu ni wako, wifi," alimwambia Ziada. "Umfungue."

Kesho yake, Masasi, Mzee Nikolao hakutaka bakuli hilo lijaribiwe kwake. Alisema mashine ni mali yake, umeme ni wa jenereta yake, na kesi ilikwisha semwa na mwenye kuisema. Severina alisimama tu pale kwenye mlango wa jiko na kitenge chake. Magdalena, aliyekuwa amemfuata ili amzuie asijiaibishe tena, alisimama nyuma yake.

"Mzee, mimi nimeomba kikombe kimoja cha maji," Severina alisema. "Ukiona nimekosa, nitaufagia ua huu mwaka mzima."

Nikolao alimwashiria Yeremia. Severina alifungua kitenge, akamwonyesha majani, akamwonyesha bakuli kavu, halijawahi kuona maji. Likaingizwa tupu. Pembeni yake kikombe cha kioo, maji nusu. Yeremia akageuza kitasa. Wote walisikiliza mashine ikiguguma.

Mlio ulipolia Severina alifungua mlango. "Weka mkono, mzee."

Nikolao aliweka vidole vitatu, akaviondoa, akavitia mdomoni kama mtoto.

"Sasa gusa maji."

Aligusa. Alikichovya kidole kizima, akakiacha humo. "Vuguvugu," alisema polepole. Aliligusa tena bakuli, kwa ukucha tu. "Na hili halikulowekwa?"

"Limetoka Newala jana, kwenye sanduku lake. Nyumbani kwa Fortunatus mwenyewe wanatia kioo."

Yeremia aliyekuwa amecheka siku ile ya kikao alikuwa sasa anatazama sakafu. Nikolao alijifuta vidole kwa kitambaa, taratibu. Hakusema pole, wala samahani. Alisema, "Basi. Mkono ukipona, binti aje. Yule wa Lukuledi nitamtafutia kazi ya kufua." Akafikiri kidogo. "Ila kwa kuanzia awe anakaa huku huku jikoni, asiende mezani. Wageni wasije wakaogopa vidole."

"Ahsante, mzee," alisema Severina, kwa kuwa ndilo neno lililokuwepo.

Magdalena alikuwa amekwisha ondoka. Alitembea mbele ya mama yake mpaka nyumbani, hatua za haraka. Mlangoni akasimama.

"Huenda hakujua," alisema. "Mama Cyril ana maneno mengi."

"Ana maneno mengi. Lakini yeye mwenyewe aliniambia, amekaa kwenye kiti, ananitazama."

"Alisemaje?"

Severina angeweza kupunguza. Aliwaza kupunguza. "Alisema nitambebea."

Magdalena aliingia ndani, na siku tatu zilizofuata hakulitaja jina la mjomba wake, wala kwa wema wala kwa ubaya.

Ijumaa walikwenda Ndanda kubadilisha bendeji. Walipomaliza, Severina aliuliza njia ya kwenda kwa Mwalimu Filemoni. Ilikuwa nyumba ya bati karibu na barabara, yenye maua ya makopo. Mke wa mwalimu, Rahima, alikuwa anampa mtoto uji, na aliposikia ni akina nani alisimama kwa furaha.

"Dada yake Fortunatus? Karibuni ndani. Ndugu yako ni mtu safi sana. Mashine tulilipa, mabakuli akatupa bure." Alionyesha kabati. Yalikuwa pale, sita, yamepangwa kwa kuegemezana, maua yote yametazama mbele. "Nilikuwa nayaweka kwa ajili ya wageni. Leo nikasema hapana, tuyatumie na sisi, nimempashia mtoto maziwa yake. Ngoja niyatoe."

Mashine ilikuwa kwenye stuli ya chini, kimo cha mtoto wa miaka minne.

Severina alimsogeza mtoto. Aliutia mkono kwenye mashine akiwa amejikunja kanga kiganjani, akalitoa bakuli la maziwa, akaliweka chini kwenye sakafu. Joto lilipita kwenye kanga. Rahima alimwangalia, hajaelewa.

"Mama, tumekuja," Severina alianza. "Tumekuja kwa habari ya haya mabakuli."

"Kumbe yanalipiwa?" Rahima alicheka.

"Hapana. Haya mabakuli... mdogo wangu..." Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Masasi yalikuwapo yote, ila hayakutaka kutoka mbele ya mgeni. Kuyasema ndani ya nyumba ya mtu asiyemjua ilikuwa kama kumvua nguo Fortunatus barabarani, na yeye ndiye aliyemfundisha kuvaa.

Magdalena alisogea. Aliuweka mkono wake wenye bendeji mpya juu ya meza, vidole viwili vimejikunja ndani.

"Usitie chakula humo, mama," alisema. "Yanashika moto yenyewe, kisha yanapasuka. Mtilie mtoto kwenye kioo. Mimi nilifanyiwa hivi na moja kama hayo."

"Maskini wewe." Rahima alimkokota mtoto wake mpaka kwenye sketi. "Sasa tumtumie habari mjomba wako upesi, asije akawauzia na wengine bila kujua."

Ilikuwa nafasi nzuri, tena imefunguliwa na mtu mwingine. Severina alimtazama binti yake, akasubiri aone ataingia au hataingia.

"Anajua," alisema Magdalena. "Alijua kabla ya kutuletea."

Rahima aliwatazama, huyu na huyu, kama mtu anayesubiri kuambiwa ni utani. "Mjomba wa ukoo, au mjomba wako kabisa?"

"Kabisa. Tumbo moja na mama."

Mke wa mwalimu alifungua kabati, akaanza kuyashusha, na Magdalena akayapokea moja moja kwa mkono wa kushoto, akayatoa nje.